Finley wa Legnano: kutoka darasani hadi Sanremo ndani ya miaka sita

Tarehe 2 Novemba 2006, kwenye tuzo za MTV za Ulaya zilizofanyika Copenhagen, tuzo ya msanii bora wa Italia ilienda kwa Finley, bendi ya pop-punk, yaani rock ya kasi yenye tuni tamu, ya vijana wanne wa Legnano, mji wa viwanda wenye watu wapatao 60,000 kaskazini-magharibi mwa Milano. Marco Pedretti, maarufu kama Pedro, aliimba. Carmine Ruggiero, Ka, alipiga gitaa. Stefano Mantegazza, Ste, besi. Danilo Calvio, Dani, dramu. Miaka minne nyuma walikuwa wanafunzi wa sekondari waliojiita Junkies. Jina la Finley walilitoa kwa Michael Finley, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa Dallas Mavericks. Mwaka 2008 tuzo hiyohiyo wakaichukua tena, na mwaka huohuo wakaingia Sanremo, tamasha kubwa la nyimbo la Italia, tena si kwa mlango wa chipukizi.

Ukimuuliza shabiki mkongwe wa punk wa Italia, atakujibu kwa neno moja: wametengenezwa. Lina ukweli wake, ila halitoshi. Bendi za kutengenezwa zilikuwa nyingi miaka ile na nyingi zilizama na singo yao ya kwanza. Hawa walipanda, na ngazi yao inaonekana kipandio kwa kipandio: lugha waliyoimbia, mtu aliyewashika mkono, sauti iliyopikwa kwa ajili ya redio, na kipindi cha televisheni kilichowapa mashabiki kura. Vipandio hivyohivyo ndivyo vilivyowabana baadaye.

Njia ambayo hawakupita

Legnano haikuwa ukame wa punk. Parabiago, mji wa pembeni tu, ndiko walikotoka Punkreas walioanza mwaka 1989. Milano kulikuwa na Shandon na ska yao (muziki wenye asili ya Jamaika) yenye magitaa makali. Njia ya bendi hizo ilikuwa imekanyagwa vya kutosha: unarekodi demo, unapiga kwenye centri sociali, yaani majengo yaliyokaliwa na vijana wa mrengo wa kushoto, mfano Leoncavallo ya Milano iliyoanza 1975. Kiingilio ni kidogo, fulana zinauzwa kwenye meza karibu na mlango, lebo ni ndogo, na safari za wikendi hufanywa kwa gari moja lililojaa vyombo. Bendi inaweza kuishi hivyo miaka 30, na Punkreas ni ushahidi. Lakini njia ile ina dari. Redio kubwa za taifa hazikuihitaji, na wenyewe wa mle ndani mara nyingi hawakuzihitaji redio.

Kulikuwa na mfano mwingine. Mwaka 1998 Prozac+ wa Pordenone, wakiwa chini ya kampuni kubwa ya rekodi ya EMI, walitoa albamu ya Acido Acida, na wimbo wao wa "Acida" ukasikika nchi nzima. Kodi tatu za gitaa (chords, noti zinazopigwa pamoja), sauti ya kike isiyo na madoido, kiitikio ambacho mtoto anakishika mara ya kwanza. Soko likawa limeonyeshwa, kisha kiti kikabaki wazi. Wakati huohuo bendi za Amerika Kaskazini, Green Day, blink-182 na Sum 41, walikuwa wanawafundisha vijana wa Italia kupenda gitaa la kasi lenye tuni tamu. Kufikia 2002, bendi ilipoanza, wasikilizaji walikuwepo tayari. Alikosekana wa kuwaimbia kwa lugha yao huku akiwa na umri wao.

Claudio Cecchetto alileta nini

Aliyewachukua ni Claudio Cecchetto. Kwa Muitalia jina hilo halihitaji maelezo: ndiye aliyeanzisha Radio Deejay mwaka 1982, akaongoza jukwaa la Sanremo miaka mitatu mfululizo kuanzia 1980, na ndiye aliyemtoa mwanamuziki Jovanotti. Kwa kisa hiki, hata hivyo, cha kuangalia ni kundi la 883. Mwaka 1992 Cecchetto alitoa albamu ya kwanza ya marafiki wawili waliosoma pamoja, Max Pezzali na Mauro Repetto wa Pavia, mji mwingine wa pembezoni mwa Milano. Waliimba kuhusu pikipiki, baa ya mtaani na wasichana wasiowatazama, kwa Kiitalia cha kijiweni. Wakauza kupita kiasi.

Ukiiweka Legnano badala ya Pavia na gitaa lenye ukali badala ya kinanda, mchoro ni uleule. Cecchetto alijua kwamba Italia ni nchi ya miji midogo, na kijana wa mji mdogo humwamini msanii anayeonekana kuwa angeweza kukaa naye dawati moja. Hilo ndilo wakosoaji hulipita haraka: hakuokota sura nne kwenye usaili na kuzipa vyombo. Alikuta bendi iliyokwisha kuwa bendi, iliyofanya mazoezi pamoja miaka kadhaa, akaiongezea vitu ambavyo chumba cha mazoezi hakina: sikio la mtangazaji anayejua wimbo gani utamfanya msikilizaji abadilishe stesheni, simu zinazopokelewa, na mlango wa EMI.

Lugha: hapa ndipo kazi ilipo

Singo yao ya kwanza, "Make Up My Own Mind", ilikuwa ya Kiingereza. Iliyowafungulia milango ni "Tutto è possibile" ya 2006, kwa Kiitalia, ambayo pia ndiyo iliyoipa albamu jina. Kubadilisha lugha kunaonekana jambo la biashara tu, lakini kwa aina hii ya muziki ni tatizo la ufundi, na sisi wa Kiswahili tunalielewa kuliko Mwingereza yeyote.

Pop-punk ilizaliwa ndani ya Kiingereza, lugha iliyojaa maneno ya silabi moja yanayogonga na kukatika. Chukua mwendo wa mapigo 170 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.35. Mstari wa bari mbili (kila bari mapigo manne) una mapigo manane, kama sekunde 2.8, na ndani yake unaingiza silabi saba hadi kumi. Mstari wa Kiingereza humalizikia kwenye silabi yenye mkazo, juu ya pigo zito, kisha gitaa linajibu. Ule mkato wa mwisho ndio unaoupa muziki huu ngumi yake.

Kiitalia hakitaki hivyo. Maneno yake mengi yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huishia na irabu laini: do-MA-ni, ri-COR-di. Mwandishi akiweka MA juu ya pigo zito, ile -ni inabaki inaning'inia baada yake na mstari unalegea. Akiisogeza -ni ikae juu ya pigo zito ili apate mkato, neno linageuka do-ma-NI, na mwimbaji anasikika kama mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe. Demo nyingi za pop-punk ya Kiitalia hufia hapa. Tuni imetungwa kwa maneno ya uongouongo ya Kiingereza, kisha Kiitalia kinashindiliwa juu yake.

Dawa zipo, na waandishi wa nyimbo wa Italia wanazijua kwa majina. Ya kwanza ni maneno yenye mkazo mwishoni: mai, noi, più, così, perché, na zaidi ya yote vitenzi vya wakati ujao, sarò, vivrai, tornerà. Ndiyo maana nyimbo za vijana wa Italia zimejaa ahadi za kesho. Nusu ni hisia, nusu ni mahitaji ya mdundo. Ya pili ni neno la kigeni la silabi moja. Ya tatu ni kuunganisha irabu inayofunga neno na inayofungua neno linalofuata, zikaimbwa kama silabi moja. Ya nne ni kutumia maneno yenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, ambayo hutiririka vizuri juu ya noti za haraka.

Sasa tazama majina mawili ya nyimbo za Finley. "Tutto è possibile" kwa macho ina silabi saba. Kwa mdomo ni sita, tut-toè-pos-SI-bi-le, kwa kuwa o na è zimeungana, na mkia wa -bi-le unakimbia kama dramu ndogo. "Diventerai una star" ni fundisho kamili: di-ven-te-RAI-u-na-STAR. Kitenzi cha wakati ujao kinatoa mkazo wa kwanza, neno la kigeni la silabi moja linafunga mlango. Mara mbili katika jina moja lugha imepata ule mkato ambao kwa kawaida haina. Mtu akikuambia nyimbo hizi ni za kitoto, mpe kalamu ajaribu.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Mkazo wa Kiswahili karibu kila mara uko silabi ya pili kutoka mwisho, na hata wakati ujao hautuokoi: Muitalia ana sarò, sisi tuna nitakuwa, mkazo umerudi kwenye -ku-. Wasanii wa Bongo Fleva wamejitafutia njia zao: kuivuta irabu ya mwisho mpaka ijaze bari, kukata maneno (mi, we, ntakupenda), kumalizia mstari kwa "tu". Atakayetaka kupiga pop-punk ya Kiswahili aanzie hapo kabla hajanunua gitaa.

Njia ya pili ilikuwepo, kubaki na Kiingereza. Vanilla Sky wa Roma, walioanza pia 2002, waliifuata, na mwaka 2007 toleo lao la kasi la "Umbrella" liliwapa wasikilizaji nje ya Italia. Ni njia halali. Inakupa mashabiki wachache katika nchi nyingi, wakati Kiitalia kinakupa wengi katika nchi moja, wakiwemo mama na baba wanaoendesha gari huku redio ikiwaka.

Sauti iliyopikwa kwa redio

Vyombo ni vilevile vya bendi yoyote ya aina hii: gitaa lenye vinasa-sauti vya nyuzi (pikapu) vya aina ya hambaka, amplifaya ya valvu, besi inayopigwa kwa kibao kidogo cha kukwangulia nyuzi (pick), dramu kavu. Tofauti iko kwenye namna ya kurekodi, na hapa makosa hurudiwa sana.

Kwanza ni ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Kiitikio cha pop-punk huimbwa juu, kwa mwanaume wa sauti ya tenor (sauti ya juu ya kiume) mara nyingi kinagusa G au A iliyo juu ya C ya kati. Kipimo si kama anaifikia studioni saa nne asubuhi akiwa na chai ya moto. Aimbe kiitikio mara sita mfululizo baada ya kuruka nusu saa. Akichubuka koo mara ya nne, shusheni magitaa na besi nusu toni, weka nyuzi za 11 badala ya 10 ili zisilegee, na msibadilishe vidole.

Dramu zinaingia kwanza, kwa metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni. Ngozi ziwe mpya. Mpigaji aipige snea (dramu yenye mlio mkali) kwa nguvu zote lakini sahani za shaba azipige kwa adabu. Sahani zikizidi humwagikia kila maikrofoni ya juu, na hakuna fundi atakayeziondoa baadaye. Besi irekodiwe kwa njia mbili kwa pamoja, waya wa moja kwa moja na amplifaya, halafu hakikisha mawimbi ya njia hizo mbili hayapingani, maana yakipingana unene wote wa chini unapotea.

Magitaa ndiyo yanayoharibu kazi nyingi. Ukuta ule mpana unaosikika kwenye redio ni gitaa moja lililopigwa mara mbili tofauti, kushoto na kulia, na mara nne kwenye kiitikio. Lipigwe upya kila mara. Ukinakili rekodi ileile pande zote mbili hupati upana wowote, kwa sababu masikio yanasikia kitu kimoja katikati. Ukali wa amplifaya upunguzwe chini ya ule unaoupenda chumbani, kwa kuwa rekodi nne zenye ukali wa kati zikijumlishwa huwa kali, na rekodi nne zenye ukali wa mwisho zikijumlishwa huwa uji. Sawazisha nyuzi baada ya kila mzunguko. Anayepiga kwa nguvu hupandisha noti bila kujua, na kodi mbili zinazotofautiana kidogo tu hufanya kiitikio chote kisikike kimechafuka bila mtu kujua sababu.

Ndani ya ubeti, gitaa huzimwa kwa kiganja karibu na daraja lake ili maneno yasikike. Kwenye kiitikio kiganja kinaondoka na kodi zinaachiwa. Mzunguko wa kodi za E, B, C kali ndogo (C#m), A unatosha kujenga nusu ya nyimbo za aina hii, na hakuna aibu ndani yake. Sauti kuu inarudiwa mara mbili kwenye kiitikio, ya pili inapanda juu yake. Zile sauti za kundi zinazopokezana na mwimbaji hurekodiwa na watu watatu au wanne mbele ya maikrofoni moja, mara tatu, wakibadilishana nafasi.

Halafu redio yenyewe. Kwa mwendo wa 170, utangulizi wa bari nane unakula sekunde 11, na mtangazaji anaongea juu yake. Ukizidi hapo unamchosha. Kiitikio kiwe kimefika kabla ya sekunde ya 50. Kuna jambo lingine linalosahauliwa: stesheni za FM hupitisha kila kitu kwenye mashine ya kubana sauti ili zisikike kubwa kuliko jirani. Wimbo uliokwisha kubanwa sana, wenye magitaa yaliyojaa kila nafasi, ukipita humo unatoka kama mvua juu ya bati. Ndiyo maana pop-punk ya redio ina magitaa yaliyokatwa chini, sauti iliyo mbele, na nafasi tupu kabla ya kila kiitikio. Mashabiki wa centri sociali walizisikia rekodi hizo wakasema zimelainishwa. Kweli. Zililainishwa kwa sababu ya ile mashine.

Kura za mchana

Miaka hiyo MTV Italia ilionekana kwa antena ya kawaida ya nyumbani, bila kebo wala kadi ya kulipia. Kipindi chake cha TRL, kilichodumu 1999 hadi 2010, kilikuwa na studio ya Milano inayotazama uwanja wa Duomo, kanisa kuu la mji, na chati ya video kumi zilizopigiwa kura na watazamaji. Mwanafunzi anarudi nyumbani, anakula, anawasha televisheni, anapiga kura.

Elewa hesabu ya kipindi kama hicho. Redio hupima wengi wasiojali sana: wimbo unabaki hewani kama hauwaudhi. Chati ya kura hupima wachache wanaojali mno. Wasichana elfu chache wenye miaka 13, wanaopiga kila siku, wanaokumbushana darasani, wanaishinda hadhira ya watu wazima iliyo kubwa kuliko wao mara mia. Wimbo ukikaa juu kwenye kura, redio zinaona, na zikianza kuupiga, wasiojali nao wanaujua. Finley walikuwa na kila kitu ambacho hesabu hiyo inataka. Nyuso nne zinazotofautishwa kwa urahisi, majina ya mkato yanayoandikika kwenye jalada la daftari (Pedro, Ka, Ste, Dani), umri unaokaribia wa shabiki, na ukaribu wa mahali: Legnano hadi Duomo ni mwendo mfupi wa treni, kwa hiyo bendi ingeweza kujitokeza pale chini mara yoyote ilipohitajika.

Jambo ambalo halikununulika ni kupiga jukwaani. Bendi ya vijana ikiwekwa mbele ya uwanja uliojaa, kuimba juu ya rekodi hugundulika dakika ya pili. Hawa walikuwa wamepiga pamoja tangu 2002, mdundo wa Dani haukukimbia, na hilo liliwapa pumzi pale ambapo wenzao waliishiwa.

Hatari ya njia hii ilikuwa ndani ya hesabu ileile. Mwenye miaka 14 mwaka 2006 ana 18 mwaka 2010. Anapobadilisha shule hubadilisha pia muziki, na mara nyingi huona haya kwa kile alichokipenda. Bendi ina dirisha la miaka minne hivi, na ndani yake lazima ipate hadhira ya pili.

Sanremo 2008

Hadhira ya pili walijaribu kuipata Sanremo. Baada ya albamu ya Adrenalina ya 2007, waliingia tamasha la 2008, lililofanyika kuanzia 25 Februari hadi 1 Machi chini ya Pippo Baudo, katika kundi la wasanii wakubwa, kwa wimbo wa "Ricordi". Ushindi ulienda kwa Giò Di Tonno na Lola Ponce. Upande wa chipukizi walishinda Sonohra wa Verona, ndugu wawili wenye magitaa waliolenga mashabiki walewale. Hilo pekee linaonyesha jinsi mlango ulivyokuwa umefunguka, na jinsi foleni ilivyokuwa inajaa.

Kwa bendi ya gitaa Sanremo ni mtihani wa kiufundi. Sheria inataka wimbo usiowahi kutoka. Orkestra inapiga laivu, na maikrofoni za vayolini zinasikia kila kitu kilicho karibu, hivyo dramu na amplifaya haziwezi kupigwa kwa ukubwa wa klabu. Mwendo lazima ufuate metronomu moja na mwongoza orkestra. Ngumi ya pop-punk, inayotegemea hewa inayosukumwa na spika, inabaki nyuma ya pazia. Kinachofika sebuleni ni tuni na maneno. Kwa hiyo hupeleki Sanremo wimbo wako wa kasi kuliko yote, unapeleka wa mwendo wa kati unaoweza kubeba vayolini. Watu waliosema "Ricordi" ni laini mno hawakuuzingatia ukumbi.

Baada ya tamasha albamu ilirudi sokoni ikiwa Adrenalina 2, yenye nyongeza. Ni desturi ya Sanremo: gharama ya albamu imeshalipwa, unaongeza nyimbo chache na kuiuza upya kwa waliokujua wiki ile. Inaleta fedha haraka, ila shabiki wa zamani analipia mara mbili kitu ambacho sehemu kubwa anacho, na wapo wanaokumbuka.

Mlango unapofungwa

Tazama orodha ya tuzo ileile ya MTV: 2006 Finley, 2008 Finley, 2009 Lost, bendi ya upande wa Vicenza, 2010 Marco Mengoni. Mengoni alikuwa ametoka kushinda X Factor, shindano la uimbaji lililoanza kwenye televisheni ya Rai 2 mwaka 2008. Ndani ya miaka miwili soko la vijana lilihama kutoka bendi kwenda kwa mwimbaji mmoja wa mashindano ya televisheni, na sababu yake si ladha tu. Mwimbaji mmoja hana chumba cha mazoezi, hana magari mawili ya vyombo, hagawi malipo kwa wanne, na anafika kwa lebo akiwa ameshatangazwa bure miezi mitatu. TRL nayo ilifungwa 2010, na video zikahamia intaneti ambako hakuna saa ya kurudi shule.

Juu ya hayo EMI ilikuwa inayumba. Mfuko wa uwekezaji wa Terra Firma uliinunua Agosti 2007, madeni yakaielemea, mwaka 2011 ikaangukia mikononi mwa benki ya Citigroup, na 2012 sehemu yake ya rekodi ikauzwa kwa Universal. Lebo inayobadilishwa wamiliki hivyo hailei bendi iliyo katikati ya mabadiliko ya hadhira, inabana matumizi. Finley walitoa Fuori! mwaka 2010 katika hali hiyo. Baadaye Stefano Mantegazza aliondoka, na besi ikachukuliwa na Ivan Moro.

Walichofanya kisha ndicho kinachowatenga na bendi nyingi za kizazi chao: walianzisha lebo yao, Gruppo Randa, na 2012 wakatoa Fuoco e fiamme. Mwaka 2017 wakaja na Armstrong. Kwa mizani ya 2006 hayo ni mambo madogo. Kwa mizani ya bendi inayotaka kuendelea kupiga, ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki, na ina kazi ya ofisi ambayo huwa haionekani. Lebo ni wewe mwenyewe: unalipa studio, unalipa uchapaji na matangazo, unabaki na haki ya rekodi. Kila onyesho lina karatasi zake. Wanamuziki wanahitaji agibilità, cheti cha mfuko wa hifadhi ya jamii wa watu wa maonyesho, ambao ulikuwa ENPALS hadi ulipoingizwa INPS, mfuko mkuu wa hifadhi ya jamii, mwishoni mwa 2011. Bila cheti hicho mwenye ukumbi anapigwa faini, na mwaka ujao hakuiti. Halafu kuna borderò, orodha ya nyimbo zilizopigwa usiku ule, inayopelekwa SIAE, shirika la haki za watunzi, kama COSOTA ya Tanzania ilivyokuwa. Bendi chovu baada ya onyesho huijaza kwa haraka, inakosea jina la wimbo au kuruka mbili tatu, na fedha ya mtunzi haimfikii. Hiyo ni hasara ya kimyakimya inayojirudia kila wikendi ya kiangazi, msimu wa sherehe za miji, ambapo halmashauri na kamati za mitaa hulipa bendi zenye nyimbo ambazo uwanja mzima unazijua.

Mwaka 2021 Måneskin wa Roma walishinda Sanremo kisha Eurovision, wakiwa bendi ya magitaa inayoimba Kiitalia, waliojulikana kwa kushika nafasi ya pili X Factor ya 2017. Kura, mkataba na hadhira walivipata kwenye kipindi kimoja cha televisheni, kilekile kilichowahi kuzipokonya bendi nafasi. Ngazi ya Finley, ya redio, chati ya mchana na uwanja wa Duomo, ilikuwa imeshaondolewa wakati huo. Shule ya kuandika mstari wa kasi kwa lugha yenye irabu mwishoni haijafungwa, na bendi changa ya Lombardia inayoanza leo bado inahangaika na ile -ni ya domani.